Hema la Kumi na Nne

Tarehe 4 Mei

Mwalimu,

Barua hii anakuletea dereva wa gari la dawa, yule anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwa la kupasua kichwa. Kila Jumatano anapita mjini kwenu kushusha maboksi. Ana domo, atakuuliza habari za ukoo wako mzima, lakini bahasha ya mtu haifungui. Ukipenda kunijibu, mpe yeye.

Mimi ni mama yake Sindano, wa darasa lako la mwisho. Hatujawahi kuonana kwa sababu kazi yangu iko huku, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na mtoto alikuwa akikaa kwa mdogo wangu karibu na shule. Ningekupigia simu, lakini hapa mashine zikianza kuzunguka hata ukiitwa kwa tarumbeta husikii. Tena jambo lenyewe nikilisema kwa mdomo nitalia, nikupotezee muda bure.

Naandika kukuomba radhi. Juzi mdogo wangu aliniletea mtoto, begi lake, na barua ya kamati ya shule. Niliisoma nimekaa juu ya rundo la mashuka machafu. Kumbe kule kambini, mlikowapeleka watoto wakajifunze kusimamisha mahema na kuwasha moto na kusoma ramani, mwanangu alikuitikia kwamba yeye na mwenzake wamo ndani ya hema, na mwenzake hayumo. Kumbe yule Kasuku, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alikesha kwenye korongo la kijito, mvua yake, mguu umevunjika mahali pawili, na ninyi mmelala mkijua watoto wote ishirini na wanane wapo.

Nilimuuliza, "Ulisema mpo?" Akasema, "Nilisema." "Na Kasuku hayupo?" "Hayupo, Mama. Alirudi kijitoni kuchukua sufuria tuliyoisahau, tusikatwe alama. Aliniambia nimwitikie, anakuja sasa hivi. Nikamngoja, nikapitiwa na usingizi." Mpaka hapo nilikuwa naye, hata machozi yalinilenga. Halafu akaongeza bila kupepesa macho: "Lakini Mwalimu hakufungua hema. Aliita kutoka mbali akaenda zake."

Mwalimu, nilimnasa kibao. Mtoto huyu sijampiga tangu nimzae. Lakini udanganye, halafu umpake matope mtu aliyekufundisha? Kamati imeandika wazi kwamba uliwahesabu.

Wanasema hatarudi darasani mpaka akiri kwa maandishi. Majina ya mtihani wa kumaliza yanafungwa tarehe 30 Juni. Jina lake lisipokuwemo, miaka yote hii ya shule imekwenda na maji. Nielekeze, nifanye nini?

Mama Sindano


Tarehe 12 Mei

Mama Sindano,

Barua yako nimeipokea, na dereva ameshajua nina dada wangapi na wameolewa wapi.

Kwanza, tafadhali usimpige mtoto. Nakuomba sana kwa hilo. Sindano ni mwanafunzi mzuri. Siku ile ya kambi kuni zilikuwa zimelowa, na wenzake walipuliza moshi mpaka macho yakawa mekundu. Yeye alibandua maganda, akachonga vibanzi vyembamba kutoka ndani ya kuni, palipo pakavu, na kwa njiti moja ya kiberiti moto ukashika. Mpishi wetu alisema, "Huyu tukimpoteza porini, tutakaokufa njaa ni sisi."

Kuhusu kamati, utaratibu wetu unaeleweka. Watoto hulala wawili wawili. Kabla ya kulala mwalimu hupita hema kwa hema, hufungua zipu, humulika tochi, humgusa kila mtoto kichwani, kisha hutia alama kwenye daftari la kambi. Daftari la siku ile lina alama ishirini na nane. Kamati ililiona ikaridhika.

Ushauri wangu ni kwamba aandike. Si lazima iwe barua ndefu. Nitaipeleka mwenyewe na kumwombea. Watu husahau mambo kama haya upesi kuliko tunavyodhani.

Kasuku bado yuko wodini, mguu umetundikwa. Anawachosha wauguzi kwa maneno, kwa hiyo tunaamini anaendelea vizuri.

Wako,
Mwalimu wa Jiografia


Tarehe 20 Mei

Mwalimu,

Ahsante kwa maneno mazuri juu ya moto. Nilimsomea. Alitabasamu kidogo, halafu akakumbuka kwamba tumenuniana.

Kuandika hataki. Nimembembeleza, nimefoka, nimemnyima kuongea na Kasuku kwenye simu ya mdogo wangu. Anasema yuko tayari kuandika kwamba alisema "tupo", na kwamba alilala wakati mwenzake yuko nje, na hilo akilisema sauti inamkatika. Usiku anaota anatafuta sufuria. Lakini kuandika kwamba ulifungua hema akakudanganya usoni, hapo anaganda. "Hakufungua, Mama." Basi. Ukimuuliza asubuhi, hakufungua. Ukimuuliza jioni, hakufungua.

Siku hizi nakuja naye kazini. Mashuka ya wodi ni mapana, hukunji peke yako. Yeye anashika ncha mbili, mimi mbili, tunasogeleana, tunaachana. Zamani tungekuwa tunacheka. Sasa tunakutana katikati ya shuka kama watu wawili wanaopishana kwenye ngazi.

Mwenzangu wa pasi, mwanamke mmoja mdaku asiye na kipimo, jana kaniambia: "Wewe, mtoto mwongo kila siku ana jipya. Huyu wako wiki tatu ana neno lile lile. Hebu jiulize." Nikamwambia ashughulike na pasi yake, inaunguza foronya. Na kweli ilikuwa inaunguza.

Lakini neno lake limenikaa kooni. Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu, Mwalimu, na sitarudia, maana hata kuuliza naona haya. Ulifungua hema?

Unisamehe. Ukisema ndiyo, nitambana mpaka aandike, na sitamsikiliza tena.

Mama Sindano


Tarehe 29 Mei

Mama Sindano,

Niliwahesabu watoto wote. Mtoto aliitika kwamba wapo.

Naelewa uchungu wako kama mzazi, wala sijachukia kuulizwa. Ila siku zinakwenda. Kamati inakutana tarehe 17 Juni kwa mara ya mwisho kabla majina hayajafungwa. Barua inifikie kabla ya siku hiyo.

Kasuku ametoka hospitali kwa magongo. Daktari anasema mguu wa kushoto utabaki mfupi kidogo.

Mwalimu


Tarehe 10 Juni

Mwalimu,

Ameandika! Ndani ya bahasha hii kuna barua yake, na mkono ni wake mwenyewe, sikumwongoza hata nukta.

Nilimbana kama nilivyokuahidi. Nilimwambia, "Mwalimu wako nimemuuliza, na amejibu. Mtu mzima mwenye heshima zake, na wewe. Nimwamini nani?" Nikamwambia asipoandika atakunja mashuka na mimi mpaka tuzeeke wote wawili, na kwamba mimi mtoto wa kunitia aibu sikumzaa. Maneno mengine niliyoyasema sitayaandika hapa. Nilikuwa nimechoka, Mwalimu, miguu imevimba, na tarehe 17 inanikimbilia.

Kisha akasema, "Nipe karatasi." Akaketi kwenye benchi la kupangia taulo, akaandika moja kwa moja bila kufuta. Nilipoisoma nilihisi kama mtu aliyetuliwa furushi. Nikambusu kichwani. Nilimwambia, "Unaona? Ukweli hauui."

Usiku ule alilala vizuri kwa mara ya kwanza. Ndivyo nilivyodhani, kwa kuwa alikuwa kimya.

Mpeleke mwanangu kwa kamati salama. Mungu akuzidishie.

Mama Sindano


(Barua iliyokuwa ndani ya bahasha)

Tarehe 9 Juni

Kwa Mwalimu na Kamati ya Shule,

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la mwisho. Nakiri kwamba siku ya kambi nilifanya kosa kubwa.

Mwenzangu alipokwenda kijitoni, mimi niliujaza mkoba wangu nguo, nikaulaza mahali pake, nikaufunika kwa blanketi. Niliuweka vizuri ili uonekane kama mtu aliyelala ubavu. Kisha Mwalimu alikuja kwenye hema letu, la kumi na nne. Alifungua zipu mpaka juu. Alimulika kwa tochi. Alinigusa kichwani, halafu akagusa na mkoba. Aliuliza, "Mpo?" nami nikasema, "Tupo." Alisema, "Laleni salama wanangu." Mvua haikuwa kubwa. Mwalimu hakuwa na haraka.

Kwa hiyo kosa ni langu, Mwalimu hana kosa lolote. Mama yangu pia hana kosa, amenilea vizuri. Naomba radhi kwa Mwalimu, kwa kamati, kwa Kasuku na kwa wazazi wa Kasuku. Naomba nirudi shule nifanye mtihani.

Kama kuna kitu nimekisahau, Mwalimu anakijua, naomba aongeze.

Mwanafunzi wenu mtiifu,
Sindano


Tarehe 19 Juni

Mama Sindano,

Nimeanza barua hii mara sita. Naomba uisome ukiwa umekaa.

Sikufungua hema.

Nilifungua kumi na matatu. Nilimulika na kugusa vichwa ishirini na sita, kimoja kimoja, kama utaratibu unavyotaka. Hema la mwanangu Sindano, kama utaniruhusu kumwita hivyo, lilikuwa la mwisho, chini kwenye mteremko. Nilipofika penye turubai la mpishi mvua ilizidi. Nikaona daftari linalowa, nikatia alama mbili za mwisho palepale, kabla sijafika kwao, nikalifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Nikateremka hatua chache, nikateleza, nikasimama. Nikapaza sauti: "Kumi na nne, mpo?" Ikajibu sauti moja: "Tupo." Nilisikia wazi kwamba ni moja. Nilijiambia mwenzake kasinzia. Zilikuwa zimebaki kama hatua thelathini mpaka kwenye zipu. Nikarudi kwa mpishi, nikanywa chai.

Ningezitembea hatua zile, tungemkuta Kasuku usiku uleule. Alikuwa ndiyo kwanza ameanguka. Ameniambia mwenyewe kwamba aliisikia sauti yangu nikiita, naye akapiga kelele, na mvua ikaimeza.

Kamati iliponiita, mwenyekiti aliuliza, "Uliwahesabu?" Nikasema, "Niliwahesabu." Akauliza, "Na huyu mtoto akasema wapo?" Nikasema, "Alisema wapo." Hakuna aliyeuliza habari za zipu, na mimi sikuifungua hata pale. Kila neno nililolisema lilikuwa kweli kwa mahema kumi na matatu. Jina langu lilikuwa limependekezwa kwa nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi. Nilijiambia mtoto ataandika mistari miwili, atasamehewa, na hakuna atakayeumia. Wewe uliponiuliza waziwazi nilikujibu vilevile. Jibu lile ndilo linaloniamsha usiku.

Barua yake niliisoma nikiwa ofisini, wenzangu wanasahihisha mitihani. Nilipofika kwenye ule mkoba uliolazwa ubavu nilitoka nje nikasimama nyuma ya vyoo vya wanafunzi. Mtoto ambaye hakuwahi kunidanganya alikuwa ameketi akatunga uongo mzima, wenye zipu na tochi, ili sisi watu wazima turidhike. Hata "laleni salama wanangu" alinipa, maneno ambayo sikuwahi kuyasema. Nilikaa nayo siku tatu mfukoni. Nasema hili nalo, usije ukadhani nilikimbia moja kwa moja kwa kamati. Siku tatu nilitafuta njia ya kuipeleka kama ilivyo.

Tarehe 17 niliwasomea barua yake, kisha nikawaambia nilivyokuambia hapa. Mwenyekiti akasema, "Ulituacha tumwandame mtoto." Nimesimamishwa kazi. Sikuambii ili unihurumie. Jina la Sindano limeandikwa kwenye orodha ya mtihani, nimeliona kwa macho yangu, na barua ya kamati ya kumwomba radhi itakuja na dereva huyuhuyu. Wazazi wa Kasuku nao nimewaendea. Baba yake alinifungulia mlango, akanisikiliza, akaufunga.

Nakuomba msamaha, na najua sina haki ya kuudai. Nakuomba jambo moja tu: uniruhusu nimwandikie yeye.

Aliyekuwa mwalimu wake


Tarehe 2 Julai

Mwalimu,

Sijui nikuite nini kingine, kwa hiyo nakuita hivyo.

Barua yako niliisoma nimesimama. Uliniambia nikae, nikasema sitatii neno lako hata moja. Nilipomaliza nilikutukana, matusi ambayo mwenzangu wa pasi hakujua kama nayajua. Ningekuwa na mabawa ningeruka mpaka mlangoni kwako. Kwa siku mbili nilikuchukia wewe peke yako, na ilikuwa raha.

Siku ya tatu nikaanza kujihesabu mimi. Wewe ulimwacha kwenye hema hatua thelathini. Mimi nilikuwa naye shuka moja, uso kwa uso, siku arobaini. Mwanangu namjua anavyokohoa akiwa na homa na anavyokohoa akitaka kukwepa vyombo. Namjua akidanganya, sikio la kushoto linakuwa jekundu. Wiki zote zile sikulitazama sikio. Nilitazama barua ya kamati, ina muhuri. Nikamnasa kibao kwa kusema kweli, nikambusu kichwani kwa kusema uongo. Hilo hukunifanyia wewe, Mwalimu. Nilijifanyia.

Nilimpa barua yako akaisoma mwenyewe. Aliisoma mara moja, akaikunja mara nne, akanirudishia. Akasema, "Sawa." Nilipiga magoti pale kwenye sakafu yenye maji, mbele ya wenzangu wote, nikamwomba anisamehe. Akaniinua upesi. "Nimekusamehe, Mama. Simama, utalowa." Nilishukuru sana. Nikawaambia wenzangu, mmeona moyo wa mtoto huyu? Barua ya kamati nayo imefika, ina maneno mazuri, na jina lake limo. Mdogo wangu ameshamtandikia kitanda. Kasuku amepiga simu akaongea saa nzima, kama kawaida yake, na mwanangu alikuwa anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, ehee.

Hapo ndipo nikaanza kuona. Amekuwa mtoto mwepesi mno. Nikimuuliza ameshiba, ameshiba. Nikisema hapana, ongeza, anaongeza. Mwenzangu wa pasi alimwambia kwa utani kwamba yeye ndiye aliyeunguza ile foronya, naye akasema, "Samahani, ni mimi," na siku ile alikuwa ghalani, mbali na pasi. Sikio halikuwa jekundu. Nililitazama.

Umeniomba ruhusa ya kumwandikia. Nakujibu hapana. Sina kinyongo, au ninacho, lakini sababu siyo hiyo. Ukimwandikia atakujibu vizuri sana. Atakuambia amekusamehe, utalala usingizi, na wala hutajua kama ni kweli. Mimi ninaishi naye na sijui.

Jana jioni tulikuwa tunafunga begi lake. Nikaacha kukunja, nikamkalisha kitandani, nikamuuliza taratibu, siyo kwa ukali hata chembe: "Mwanangu, hebu niambie ukweli wako. Unataka kurudi shule ile, au tukutafutie nyingine?"

Alinitazama usoni, akanitazama vizuri, kama anayesoma ubao ulioandikwa kwa chaki hafifu. Hakuwa na kiburi. Alitaka kunisaidia.

Akasema, "Niambie kwanza unataka nijibu nini, Mama, nijibu hivyo."

Mama Sindano